Neno "Incommodious" na Vipimo vya Vyumba Vyetu



Halmashauri ya chama chetu imetuomba tuseme mbele yenu juu ya neno moja la Kiingereza. Twajua ya kuwa wako kati yenu walioondoka kwao kabla ya jua kuchomoza, na mtu aliyeacha shamba lake na watoto wake ili aje kusikia habari za neno moja ana haki ya kuuliza neno hilo lina faida gani. Twawaomba saburi kidogo. Neno lenyewe ni refu, lina silabi tano, nalo huandikwa incommodious. Husomwa kama "in-ko-MO-di-as", mkazo ukiwekwa juu ya silabi ya tatu. Lina m mbili na d moja. Anayetaka kuliandika asisahau jambo hilo, maana tumepata kuliona limeandikwa kwa namna tatu mbalimbali ndani ya jalada moja, na hapana hata moja iliyokuwa sahihi.

Sababu ya mazungumzo haya ni hii. Yuko mwenzetu mmoja, kijana, karani katika kata mojawapo ya upande wa milimani. Jina lake hatulitaji, lakini ametupa ruhusa kusema habari zake. Nyumba aliyopewa ina chumba kimoja cha kulala, na sebule ndogo ambayo mlango ukifunguliwa huimeza nusu. Humo wanakaa yeye, mkewe, watoto wao watatu, mama yake mzazi, na mdogo wake aliye katika shule ya sekondari. Jumla ni watu 7. Mwaka juzi ofisi moja ilitaka taarifa juu ya hali ya nyumba za watumishi, nayo ikaagiza taarifa hiyo iandikwe kwa Kiingereza, kwa kuwa waliotarajiwa kutoa fedha hawakujua Kiswahili. Kijana akafungua kamusi akatafuta neno la heshima. Hakutaka kuandika small, maana aliona ni neno la mtoto anayeanza kusoma. Hakutaka kuandika cramped, kwani alilidhani lina ukali, naye hakutaka kuonekana mtu wa kunung'unika. Akaandika sentensi moja tu, ya kwamba nyumba yake ni incommodious, akatia sahihi, akapeleka.

Baada ya wiki kadhaa jibu likaja. Lilikuwa jibu la adabu. Liliuliza: ni huduma zipi zinazokosekana katika nyumba hiyo? Maji? Bomba lilikuwa karibu na mlango. Barabara? Ilipita mbele ya nyumba. Umeme? Ulikuwapo. Kijana wetu ni mtu mkweli, naye akajibu ya kuwa katika hayo yote hapana lililokosekana. Orodha ya nyumba za kutengenezwa ilipotoka, yake haikuwamo.

Mvua za masika zikaanguka. Mama yake akahama kwenda kulala kwa jirani, kwa sababu palipokuwa pakavu hapakutosha. Mtoto wa mwisho akashikwa na kikohozi kilichokaa muda mrefu. Hapo ndipo alipotuletea nakala za barua zote mbili, akauliza amekosa wapi. Tulizisoma mara nyingi. Mwishowe tuliona ya kuwa hapana aliyesema uongo. Mwandishi alitumia neno kwa maana moja, msomaji akalisoma kwa maana nyingine, na maana zote mbili zimo katika kamusi.

Basi tulitazame neno lenyewe. Asili yake ni ya Kilatini. Katika lugha hiyo modus ni kipimo, au kiasi. Ukitia mbele yake com, yaani "pamoja", hupata commodus, kitu kilichopatana na kipimo chake, kitu kinachofaa. Silabi ya kwanza, in, ni ya kukanusha. Kwa hiyo katika shina lake neno hili halisemi habari za kuta wala za dari. Husema tu ya kuwa kitu hakipatani na haja ya mwenye kukitumia.

Waingereza walianza kutumia neno commodious katika karne ya 15, na maana yake wakati huo ilikuwa yenye faida, yenye kufaa. Bandari yaweza kuitwa hivyo, hata njia ya kufanya biashara. Karne iliyofuata likaanza kutumiwa kwa nyumba zenye nafasi, na jambo hili si la ajabu, kwani nyumba ikifaa, mara nyingi hufaa kwa sababu mtu aweza kugeuka ndani yake. Polepole nafasi ikafukuza faida. Leo Mwingereza akikwambia nyumba fulani ni commodious, ataka kusema ya kuwa ni kubwa na ya raha. Kinyume chake, incommodious, kimefuata njia ile ile lakini kwa kuchechemea. Maana mpya ni "pafinyu, pasipo nafasi ya kutosha". Maana ya kale ni "pasipofaa, pa kusumbua", nayo haikufa kabisa. Msomaji wa barua ya karani wetu alikuwa mtu wa maana ya kale.

Neno hili lina ndugu ambao ninyi nyote mwawafahamu, na wengine mwakutana nao kila siku ofisini. Commodity ni kitu cha kufaa, kisha ikawa bidhaa: kahawa ya milima ya Tarime, pamba ya Serengeti. Accommodation ni malazi, yaani kumpatia mtu mahali panapolingana na haja yake. Twawasihi, neno hilo lina c mbili na m mbili, na ofisi nyingi huliibia moja au mbili. Yuko na ndugu wa tatu, commode, ambaye alikuwa kabati la kuwekea nguo, kisha akawa kiti cha mgonjwa chenye chombo chini yake cha haja ya usiku. Waingereza, kama Waswahili, hawapendi kuita choo kwa jina lake. Huyo hatumhitaji leo.

Wengine mtasema maana mbili za neno moja ni fumbo la wenye vitabu. Sisi twaona wilaya hizi mbili zimepewa mfano wake mzuri kuliko kitabu cho chote. Jina la Serengeti husemwa limetoka katika Kimaasai, siringet, nchi ienendayo mbali pasipo kikomo. Hifadhi ya Taifa iliyowekwa huko mwaka 1951 ina kilomita za mraba 14,763. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayesema mahali hapo ni padogo. Walakini mtazame nyumbu. Wakati wa mvua hukaa katika mbuga za kusini, ambako udongo ni wa majivu ya volkano na majani yake ni mafupi, matamu, yenye nguvu kwa ndama. Mvua zikikatika maji hukauka, na nyumbu zaidi ya milioni moja huondoka, wakazunguka magharibi na kaskazini mpaka kwenye Mto Mara, ambao maji yake hushuka kutoka milima ya Mau nchini Kenya. Ile mbuga waliyoiacha ni pana kama ilivyokuwa. Hata hatua moja haikupungua. Imekuwa haifai tu, na Mwingereza wa karne ya 16 angeiita incommodious bila kusita. Kisha tazama wale wale wanyama wanapofika ukingoni mwa mto. Wanabanana, wanakanyagana, kila mmoja anamsukuma aliye mbele yake, na mamba wanangoja. Hapo ni incommodious kwa maana ya siku hizi. Mnyama mmoja, safari moja, maana mbili.

Wazee wa Ikoma, Natta na Isenye wana mengi ya kusema juu ya nchi pana yenye nafasi finyu, tangu mwaka 1951 hata mwaka 1994 yalipotangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Nao watu wa milimani Tarime, ambako shamba la babu hugawanywa kwa wana na kisha kwa wajukuu, hawana haja ya kamusi kujua ufinyu ni nini. Maneno hayo twawaachia wenyewe. Leo tumeitwa kwa ajili ya vyumba.

Sasa turudi kwa Kiswahili, maana mtu asiyejua vizuri neno lake mwenyewe hawezi kupima neno la mgeni. Lugha yetu ina maneno mengi katika jambo hili, na kila moja lina kazi yake. Finyu limetoka katika kufinya, na aliyekaa mahali pafinyu ajua ya kuwa ni kweli, hufinywa. Pembamba ni pa urefu usio na upana, kama ujia kati ya nyumba mbili. Pamebana husemwa juu ya mahali ambapo kuta ndizo zenye makosa, na pamesongamana husemwa pale ambapo watu ndio wengi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ionekanavyo. Chumba kimoja chaweza kuwa hakibani mtu mmoja, kikasongamana kwa watu watano, na dawa ya hali moja siyo dawa ya nyingine. Kitenzi hicho cha kusonga ndicho mama zetu hukitumia kwa ugali, nao hawakukosea, kwani aliyelala watano chumbani huamka asubuhi kama aliyepitiwa na mwiko.

Yako tena maneno yaliyotufikia kutoka Uarabuni, na haya ndiyo yaliyotupendeza zaidi tulipoyachungua. Nafasi ni ndugu wa neno la Kiarabu la pumzi. Mtu anayesema "sina nafasi", shina la neno lake ni ukosefu wa pumzi. Wasaa ni upana, na sisi tumeufanya kuwa muda na fursa. Faragha kwa asili ni utupu, mahali pasipo mtu, na ni kitu kimoja ambacho karani wetu hakukitaja katika barua yake, ijapokuwa mtu aliyeoa anayelala chumba kimoja na watoto wake hana haja ya kuelezwa. Mwisho liko neno dhiki. Sisi twalitumia kwa umaskini na taabu zote, lakini katika Kiarabu shina lake ni wembamba, kubanwa. Waingereza nao wamefanya vivyo hivyo bila kuulizana na Waarabu: neno lao anguish, maumivu makubwa ya moyo, limetoka katika Kilatini angustia, na angustia ni wembamba. Mataifa matatu yasiyokaa nyumba moja yameona ya kuwa taabu ya moyo inafanana na chumba kidogo. Hili twaliona ni jambo la kufikiriwa na kila mwenye kugawa nyumba.

Ukituuliza basi neno gani la Kiswahili latosha kufasiri incommodious, twajibu ya kuwa hakuna neno moja. "Pafinyu" lachukua nusu. "Pasipofaa" lachukua nusu ya pili. Lazima useme yote mawili: pasipofaa kwa sababu ya ufinyu. Na mwenye kuandika kwa Kiingereza afanye vivyo hivyo, asiliache neno peke yake barabarani kama mtoto asiyejua njia.

Juu ya matumizi yake hatuna mengi. Ni neno la maandishi, la taarifa na vitabu. Husemwa juu ya mahali: chumba, nyumba, ofisi, chumba cha wagonjwa. Halisemwi juu ya kiatu kinachobana wala juu ya suruali. Wala halifai mdomoni. Mtu akiwa ndani ya gari la kwenda Sirari, abiria wanne wamekalia kiti cha watu watatu na kuku yuko chini ya miguu yake, akisema kwa sauti ya kuwa mahali hapa ni incommodious, watu watageuka kumtazama yeye badala ya kusogea, na kondakta hatashusha mtu. Huko aseme "pamebana, ndugu zangu", nao watamwelewa.

Je, tumcheke kijana kwa kuchagua neno refu? Wako waliomcheka. Sisi hatumcheki. Mwaka 1922 huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walipounda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, nchi ilikuwa imetoka mikononi mwa Wadachi karibuni tu, na makarani wengi walijifunza kazi zao chini ya utawala mwingine. Kiingereza kilikuwa kigeni. Mtu aliyemwandikia mkubwa mwenye amri juu ya mshahara wake, nyumba yake na uhamisho wake aliyavika maneno yake kama alivyojivika mwenyewe siku ya baraza. Neno refu lilikuwa kanzu iliyopigwa pasi. Akiandika maneno mafupi, angeweza kudhaniwa hakusoma. Akiandika marefu, wako waliomcheka kwa kiburi. Woga huo haukwisha siku bendera ilipobadilika. Hata leo, tangu Serikali ilipoagiza mwaka 1967 Kiswahili kitumike katika kazi zake zote, bado mtumishi anayedaiwa taarifa ya Kiingereza huona jasho likimtoka, naye hukimbilia neno kubwa ili ajifiche nyuma yake. Twajua, kwani nasi tumejificha huko.

Ila kosa liko mahali pengine. Neno incommodious limebeba kipimo ndani ya tumbo lake, modus, na mtu anayelitumia bila kutoa kipimo amefunga mlango akaacha ufunguo ndani. Ukisema mahali hapalingani na haja, msomaji ana haki ya kukuuliza mambo mawili: mahali penyewe pana kiasi gani, na haja yako ni ya watu wangapi? Asiyepewa majibu hayo atabuni yake. Atabuni maji, atabuni barabara.

Kwa hiyo tulikwenda na kijana nyumbani kwake siku ya Jumamosi tukiwa na utepe wa kupimia. Chumba cha kulala kilikuwa na urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 na sentimita 70, maana yake mita za mraba 8 na kidogo. Kitanda kimoja cha futi 4 kwa 6 hula zaidi ya mita 2 za mraba, na vitanda vilikuwa viwili. Humo walilala watu 5. Wawili waliobaki, mama mzee na yule mwanafunzi, walilala sebuleni, mmoja upande huu na mmoja upande huu, wakitengwa na pazia la kanga. Na mwanafunzi hakuweza kusoma usiku, maana taa yake ilimwamsha bibi. Dirisha la chumbani lilikuwa moja, la sentimita 60 kwa 45, nalo lilizibwa kwa ubao mvua inaponyesha, kwa sababu kioo kilivunjika. Mlango wa nje hufunguka kwa ndani. Ikitokea moto usiku, anayelala nyuma ya mlango sharti aamke kwanza ndipo wengine watoke. Jambo hilo la mlango hapana aliyelifikiri kabla hatujapima. Kijana mwenyewe alinyamaza kidogo tulipomwonyesha.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi huhesabu nyumba kuwa haina nafasi ya kutosha ikiwa watu zaidi ya watatu wanashiriki chumba kimoja. Hapa walikuwa watano. Waganga nao wametufundisha ya kuwa kifua kikuu huenea kwa hewa kutoka kwa mgonjwa anayekohoa, na ya kuwa chumba chenye watu wengi na dirisha lililofungwa ndipo mahali kipendapo. Mtoto wa mwenzetu, tushukuru, alipimwa akaonekana hana ugonjwa huo. Lakini upimaji huo ulitakiwa, na baba yake hakulala siku alizongoja majibu.

Barua ya pili tuliiandika pamoja. Neno lake hatukulifuta. Alilipenda, na ni neno zuri. Tuliliweka katika sentensi ya kwanza, tukalifuata mara moja na vipimo: watu 7, umri wa kila mmoja, chumba kimoja, mita 3 kwa mita 2 na sentimita 70, wanaolala humo 5, dirisha moja lisilofunguka wakati wa mvua, mlango ufungukao kwa ndani. Tukaongeza mchoro mdogo uliochorwa kwa rula. Maneno ya kusikitika hatukuyatia hata moja. Barua ilijaa ukurasa mmoja tu.

Hatutaki kuwaeleza hadithi ya ushindi, maana si hivyo ilivyokuwa. Mwezi wa tatu akaja mtu mwenye utepe wake mwenyewe, akapima, akaona vipimo vyetu ni sawa isipokuwa dirisha, ambalo sisi tulilikosea kwa sentimita 2. Nyumba imeingizwa katika orodha iliyofuata. Mpaka leo haijajengwa. Hata hivyo ubao wa dirishani umeondolewa na kioo kimetiwa, na mlango umegeuzwa ufunguke kwa nje, kazi ya fundi wa siku moja. Zaidi ya hayo mkuu wake wa kazi amehamisha majalada ya kale kutoka katika stoo iliyo nyuma ya ofisi, na yule mwanafunzi analala humo na taa yake. Bibi amerudi kutoka kwa jirani.

Wako waliotuambia ya kuwa mazungumzo haya hayafai, na ya kuwa dawa ni kuacha Kiingereza kabisa. Hoja hiyo ina uzito, nasi twakubali ya kuwa taarifa ya nyumba ya karani wa Tarime ingeandikwa kwa Kiswahili, aibu yote hii isingalitokea. Lakini tumesoma pia taarifa za Kiswahili. Tumesoma "mazingira si rafiki". Tumesoma "changamoto ya makazi". Maneno hayo ni incommodious ya Kiswahili: yamepigwa pasi vizuri, na hayana kipimo ndani. Mwalimu anayeandika ya kuwa darasa lake lina "msongamano" hajasema kitu bado. Kiasi kilichowekwa kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa moja. Mwaka 2016 ada zilipoondolewa mpaka kidato cha nne watoto walikuja kwa wingi, nasi tulifurahi, ila kuta za madarasa hazikusogea siku ile. Mwalimu na aandike: wanafunzi kadha wa kadha, madawati kadha, urefu na upana kadha, wanaokaa chini kadha. Lugha yo yote atakayoitumia, hata Kikurya au Kingoreme, hesabu hiyo haitapotea njiani.

Hali kadhalika wauguzi wa wodi za wazazi, na makarani wa mahakama wanaoweka mafaili chini ya meza kwa kukosa rafu. Na askari wanaolala kwa zamu katika kitanda kimoja tusiwasahau. Kila mmoja anajua kwake panabana. Wangapi kati yetu wamepata kupapima? Tuliuliza swali hilo katika mkutano mdogo wa Mugumu, walikuwapo watu 19, wakainua mikono wawili, na mmoja wa hao wawili alikuwa fundi seremala.

Bwana Mwenye Kiti, neno tumelieleza. Chama kimenunua utepe mmoja wa mita 5, nao uko kwa Bwana Mwandishi. Anayeuhitaji atie sahihi katika daftari na aurudishe baada ya siku tatu, kwa kuwa Natta wamekwisha kuuomba na Nyamwaga wanafuata. Karatasi za kuandikia vipimo zimepigwa chapa pamoja na gazeti hili, ukurasa wa mwisho: mahali pa idadi ya watu pako juu, mahali pa urefu na upana pako chini yake, na dirisha na mlango vina mstari wao. Mwaweza kuzijaza kwa penseli.